Mfupa na Tabaka Lake: Siku Sita kutoka Dar es Salaam hadi Pango la Kuumbi

Siku ya kwanza, Jumatatu: Kariakoo na Shaaban Robert

Kazi ya kupima na kuchora Pango la Kuumbi, Jambiani, kisiwani Unguja, inaanzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi seremala, kwa sababu chekeche zuri haliuzwi dukani. Yalihitajika manne, mawili ya tundu za milimita 5 na mawili ya milimita 3, kila moja likiwa na fremu ya mbao za mbili kwa mbili, sentimita 60 kwa 90, na mikono ya kushikia pande zote mbili. Mafundi wengi watakushauri waya wa kuku kwa kuwa ni rahisi. Usikubali. Tundu zake ni kubwa, na waya hulegea baada ya ndoo kumi tu. Ukishika mkononi, milimita 5 na milimita 3 hazina tofauti ya kutisha, lakini ndizo zinazoamua kama mifupa ya samaki wadogo na shanga itabaki kwenye chekeche au itamwagwa pamoja na vumbi. Ripoti ya uchimbuaji wa mambo ya kale ikikwambia watu wa kisiwa fulani hawakula dagaa wala samaki wadogo, uliza kwanza udongo ulichekechwa kwa tundu gani.

Vifaa vingine vilipatikana Kariakoo kabla ya adhuhuri: miko ya waashi yenye ubavu wa sentimita 10 hadi 12, timazi, pima maji ndogo ya kuning'iniza kwenye uzi, uzi wa nailoni wa mafundi ujenzi, misumari ya inchi 6, futi ya mita 30, ndoo za lita 20, brashi za rangi na karatasi za mraba. Kwenye mwiko tazama shingo. Ule uliofuliwa kwa chuma kimoja kuanzia ubavu hadi mpini utadumu miaka. Ule uliogongewa ribiti utakatika siku utakayokutana na udongo mkavu wenye mawe.

Mifuko ya rambo haina nafasi katika safari hii. Zanzibar iliipiga marufuku mapema, na Bara ikafuata Juni 2019. Hata bila marufuku, mfupa wenye unyevu ukifungiwa ndani ya plastiki unaota ukungu ndani ya siku chache. Tulishonesha mifuko 60 ya kitambaa cha marekani, sentimita 20 kwa 30, yenye kamba ya kufungia mdomoni. Kila mfuko una lebo mbili, moja ndani na nyingine nje, na zote huandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida hutawanyika ukipata jasho au maji, na ule wa kalamu nene unapauka juani.

Mchana tulipita Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kwa anayekwenda kusoma matabaka ya udongo pangoni, hapa ndipo somo la kwanza lilipo. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliloligundua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, halikupata umri wake kutoka kwenye mfupa wenyewe. Majivu ya volkano ya tabaka lilimokuwa ndiyo yaliyopimwa, yakatoa takriban miaka milioni 1.75. Fuvu lilelile likiwa limeokotwa korongoni bila mtu kujua limetoka tabaka gani, lingekuwa fuvu la ajabu lisilo na tarehe.

Suala la vibali halitaki kuachwa hadi siku ya kuondoka. Wengi wanaotoka Dar es Salaam hudhani kibali cha utafiti cha Bara kinatosha nchi nzima. Zanzibar ina utaratibu wake na idara yake ya makumbusho na mambo ya kale. Hata usipochimba, ukiwa unaingia pangoni na futi, vigingi na karatasi za kuchorea, barua lazima iwe mkononi. Sisi tulikuwa na barua ya kupima na kuchora tu. Kuchimba kungefanyika mahali pengine, kama itakavyoonekana siku ya nne.

Siku ya pili, Jumanne: Kuvuka nchi iliyozama

Boti ya asubuhi, safari ya takriban saa mbili hadi Unguja. Ni Julai, kusi linavuma, na mkondo una mawimbi ya ubavuni. Anayechafukwa na bahari akae katikati, sakafu ya chini, atazame upeo wa macho. Machekeche yafungwe pamoja uso kwa uso, la sivyo waya hutoboka kwenye lundo la mizigo.

Mtu wa Dar anapoutazama mkondo huu anaona bahari ya siku zote. Miaka 20,000 iliyopita, wakati maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kwenye mabarafu ya kaskazini, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa takriban mita 120 kuliko leo. Mkondo wa Zanzibar hauna kina cha namna hiyo. Hapa tulipokuwa tukiyumba palikuwa nchi kavu, na pundamilia, nyati na kuro waliweza kutembea kutoka upande wa Bagamoyo hadi Jambiani bila kulowa kwato. Mabarafu yalipoyeyuka bahari ilipanda, na kiasi cha miaka 10,000 iliyopita Unguja ikakatika ikawa kisiwa. Pemba ina historia nyingine kabisa. Mkondo wake ni wa kina kirefu, nayo ilijitenga zamani mno kabla ya hapo.

Kwa hiyo waliokaa Kuumbi mwanzo hawakuwa watu wa kisiwa. Walikuwa watu wa ukingo wa bara, na kisiwa kikaja kuwazunguka baadaye. Upande wa mashariki hali ni tofauti. Nje ya mwamba wa Jambiani sakafu ya bahari inaporomoka ghafla, hivyo hata maji yaliposhuka ufuo haukwenda mbali. Pango lilikuwa na bara pana mgongoni na bahari karibu usoni.

Kutoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, tulikodi Noah hadi Jambiani, saa moja na nusu hivi. Daladala zipo na ni za bei nafuu, lakini machekeche manne na pipa hayapandi daladala bila ugomvi. Baada ya msitu wa Jozani udongo mwekundu unapungua, na maweni yanaanza: mwamba wa matumbawe ya kale uliochongoka, wenye kichaka kifupi.

Kabla ya kushusha mizigo, kwanza kwa sheha.

"Hodi! Shikamoo, sheha."

"Marahaba, karibuni. Mnachimba?"

"Hatuchimbi pangoni. Tunapima na kuchora. Barua hii hapa."

Aliisoma hadi mwisho, pamoja na muhuri. Hili lisichukuliwe kama adabu tu. Watu wa hapa wana mambo yao na pango, yakiwemo ya mizimu, na mgeni anayeingia na sururu bila kupita kwa sheha anafunga mlango kwa watafiti wote watakaomfuata.

Siku ya tatu, Jumatano: Pangoni

Pango liko bara kidogo kutoka kijijini, kama kilomita mbili kutoka ufukweni. Paa lake limeporomoka kwa sehemu, kwa hiyo mwanga unaingia mdomoni na kuishia njiani. Viatu viwe vya soli ngumu, kwani maweni hukata ndala kama wembe. Barakoa nzuri ni lazima katika pango lolote lenye popo, si ile ya kitambaa. Kinyesi chao kikikauka, vumbi lake linaweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu.

Mwanaakiolojia Felix Chami na wenzake walichimba hapa mwaka 2005. Mwaka 2012 timu ya mradi wa utafiti uitwao Sealinks, ulioongozwa na Nicole Boivin, ilirudi ikafungua handaki jipya kwa lengo la kupima upya mfuatano wa matabaka. Kutokana na kazi hizo, pango linasomeka hivi.

Chini kuna Zama za Mawe za Mwisho, zenye vipande vya kwatsi (aina ya jiwe gumu) na vya mawe ya chokaa vilivyochongwa. Kuna makombe ya konokono wakubwa wa nchi kavu kwa wingi wa kushangaza. Ni chakula kisichokimbia, na kinachookotwa hata na watoto baada ya mvua. Kuna mifupa ya pundamilia, nyati na kuro, wanyama ambao leo Unguja haina hata mmoja. Na kuna kitu kidogo ambacho ukikiona mchoro wake utakaa nacho muda mrefu: ncha tano za mfupa, pamoja na msumari wa kutobolea na kipande cha mfupa wenye uwazi kilichotiwa alama za kukatwa, vyote vya takriban miaka 13,000 iliyopita. Ncha hizo ni nyembamba mno kuua nyati kwa nguvu ya upigaji. Ndiyo maana waliozichunguza wanaona huenda zilikuwa za mishale ya sumu, ambapo kazi ya ncha ni kutoboa ngozi tu na sumu inamaliza. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanawinda kwa mishale ya sumu hadi leo, kwa hiyo ufundi huo si mgeni nchini.

Bahari ilipokata kisiwa, wanyama wakubwa wakatoweka. Kisiwa hakina eneo la kulisha makundi ya pundamilia kizazi baada ya kizazi, na likitokea kundi likaisha, hakuna lingine la kuvuka kutoka bara kujaza nafasi. Wadogo walibaki: paa, paa nunga, kima punju, pelele. Watu nao wakaliacha pango kwa maelfu ya miaka. Wanaonekana tena katika milenia ya kwanza BK, safari hii wakiwa na vyungu vilivyochorwa pembetatu, mtindo wa ufinyanzi wa kale wa pwani uitwao Tana, na wakiwa wavuvi na wakulima waliofika kwa chombo.

Penye ubishi ni hapo katikati. Ripoti za awali za mapango ya Unguja zilitaja kuku na mifugo katika matabaka ya miaka elfu kadhaa KK. Lingekuwa jambo kubwa, maana kuku asili yake ni Asia, na mfupa wake ukiwa wa kale kiasi hicho unamaanisha safari za baharini za kale kiasi hicho. Uchimbuaji wa baadaye haukuthibitisha hilo. Mifupa ilipochunguzwa upya kwa vipimo vya protini na vinasaba, pamoja na kupima umri wa mifupa yenyewe, ushahidi imara wa kuku na panya weusi pwani hii ukaanzia karibu na karne ya 7 na ya 8 BK. Mfupa wa kuku hufanana sana na wa kanga na wa kwale, ndege wa porini wa hapahapa. Na pangoni mfupa mdogo haukai ulipoangukia. Kaa wa nchi kavu na panya huchimba mashimo, na cha juu kinashuka.

Hakuna sababu ya kumbeza aliyetangulia. Bila Chami kuamini kwamba mapango ya visiwani yana jambo la kusema, hakuna ambaye angerudi na vipimo vipya. Lakini suala la kuku linafundisha kuliko somo lolote la darasani. Ndilo tulilolipeleka kwenye shimo la mazoezi.

Jioni ilikwenda kwenye kuchora ramani ya pango kwa kipimo cha 1 kwa 100. Angalizo moja la rangi: kitabu cha rangi za udongo cha Munsell kisitumike kwa mwanga wa tochi. Tochi nyingi za sasa hutoa mwanga wa kibuluu, na udongo wa kahawia unasomeka wa kijivu. Chukua bonge dogo, lilowanishe, litoe nje lisomwe kivulini kwa mwanga wa mchana.

Siku ya nne, Alhamisi: Shimo la mazoezi

Eneo la kale halichimbwi kwa ajili ya kujifunza mkono. Kila handaki linaharibu linachosoma, na wanafunzi huharibu zaidi. Kwa hiyo shimo la mazoezi liliandaliwa mapema katika ua wa nyumba tuliyofikia, kwa ridhaa ya mwenye nyumba, mahali pasipo na dalili ya ukale. Ni mita 1 kwa 1, kina sentimita 80. Chini kabisa mchanga mweupe sentimita 20. Juu yake udongo mwekundu sentimita 20 wenye makombe na mifupa ya samaki. Kisha jivu na mkaa sentimita 10. Kisha udongo mweusi sentimita 30 wenye vigae vya vyungu vilivyovunjwa. Mwandaaji aliongeza mitego miwili bila kuwaambia wanafunzi.

Kwanza vigingi vinne na uzi. Mraba haupimwi kwa macho. Ulalo wa mita 1 kwa 1 lazima uwe sentimita 141, kona zote mbili, na kama ulalo mmoja ni 143 na mwingine 139, shimo lako limepinda. Halafu sehemu ya rejea ya kina. Hapa pakatokea kosa la kwanza. Uzi wa kupimia kina ulifungwa kwenye mche wa mpera. Kufika saa nne upepo wa kusi ulikuwa umeuinamisha mche, na vina vyote vya asubuhi vilikuwa na kosa la sentimita 2. Rejea huwekwa kwenye kitu kisichosogea: msumari kwenye ukuta wa nyumba, au kigingi cha chuma kilichomiminiwa saruji. Unavuta uzi kutoka hapo, unaning'iniza pima maji katikati yake, povu likitulia kati ndipo unashusha futi.

Kuchimba ni kwa kufuata tabaka, na tabaka likiwa nene unaligawa kwa vipande vya sentimita 10. Sentimita 10 katika mraba wa mita 1 ni lita 100 za udongo. Zikilegea huongezeka, kwa hiyo andaa ndoo sita badala ya tano. Mmoja anachimba, wawili wanachekecha, mmoja anaandika. Anayeandika ndiye mwenye cheo siku hiyo: ndoo haiondoki shimoni kabla hajasema namba ya tabaka na kina, na waliopo kwenye chekeche hawaipokei ndoo isiyo na lebo. Mwiko unakwaruza kuelekea kwa mchimbaji, kwa ubavu wake. Kuchoma kwa ncha ndiko kunakovunja vigae na kuacha vidonda vyeupe kwenye mifupa.

Mtego wa kwanza ulikuwa shimo la taka lililochimbwa kutoka tabaka jeusi likapita jivu na kuingia kwenye udongo mwekundu. Hili walilikamata. Sauti ya mwiko ilibadilika. Kwenye udongo mwekundu mwiko ulikuwa ukikwaruza kavu, mara upande mmoja ukawa unazama kimya. Wakasimamisha kazi, wakanyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, na duara jeusi la sentimita 40 likatokea sakafuni. Utaratibu ni mmoja: kilichoingia mwisho kinatolewa kwanza. Shimo la taka lilipewa namba yake, likachimbwa lote peke yake, likachekechwa peke yake, ndipo wakarudi kwenye tabaka jekundu.

Mtego wa pili uliwapita.

Saa nane mchana, kina cha sentimita 52, ndani ya tabaka jekundu lenye makombe, chekeche la milimita 3 lilibaki na mfupa wa paja la kuku. Mzima, safi, wa sentimita 7. Uliandikwa: tabaka la 3, kina 50 hadi 60. Kama tabaka lile lingekuwa Kuumbi, chini ya jivu lile, mstari huo wa penseli ungemfanya kuku mkongwe kuliko vyungu vyote vilivyo juu yake. Hakuna aliyetia shaka. Ndoo iliyofuata, ya tabaka hilohilo, ikatoa kizibo cha soda.

Kazi ikasimama. Walipokwangua ukuta wa kaskazini wa shimo hadi ukawa laini na kuulowanisha, kitu kilionekana wazi: mkanda wa udongo mweusi, upana wa sentimita 10, unaoteremka kwa mshazari kutoka juu, unapenya jivu na kuishia ndani ya wekundu. Mwandaaji alikuwa ameingiza bomba, akalichomoa, akajaza udongo mlegevu pamoja na mfupa wa kuku na kizibo, kuiga shimo la kaa. Mchimbaji alikuwa amelikata katikati bila kuliona, kwa sababu udongo wa juu ulishakauka na rangi zote mbili zikafanana.

Tofauti ya hapa na pangoni ni kizibo. Kaa wa miaka 1,200 iliyopita hakushusha kizibo cha soda pamoja na mfupa. Alishusha mfupa tu, na shimo lake limeshajaa na kushindiliwa. Ndiyo maana ukuta wa handaki hukwanguliwa na kutazamwa kila baada ya sentimita 10, bila kusubiri mwisho wa kazi. Na ndiyo maana mfupa unaobeba hoja kubwa hupimwa umri wenyewe, bila kuazima umri wa mkaa uliolala jirani yake.

Kuhusu mkaa. Chembe ya kupima kaboni 14, kipimo cha umri, huchukuliwa kwa koleo dogo la chuma moja kwa moja kutoka sakafuni au ukutani, inafungwa kwenye foili, inaandikwa kina na mahali kwa vipimo vitatu. Vidole vyenye mafuta ya kujipaka visiiguse, na hakuna kuvuta sigara karibu na handaki. Ganda la konokono wa nchi kavu nalo linaweza kupimwa, lakini kwenye ardhi ya chokaa kama hii konokono hula chokaa ya kale, na ganda lake linaweza kutoka mkongwe kuliko lilivyo. Kwa matabaka ambayo mkaa wake ni haba, hupimwa ni lini chembe za mchanga ziliona jua mara ya mwisho. Bomba la chuma linagongomelewa ukutani chini ya turubai jeusi na kuzibwa ncha zote mbili kabla ya mwanga kuingia. Ukiliinua bomba hilo mara moja juani, sampuli imekufa.

Ukuta ulichorwa kwa kipimo cha 1 kwa 10, na picha zikapigwa zikiwa na fimbo ya kipimo, mshale wa kaskazini na kibao cha namba. Watu wawili walishika shuka kuutia ukuta wote kivuli. Nusu jua nusu kivuli inafuta matabaka yote kwenye picha.

Siku ya tano, Ijumaa: Pipa la maji

Asubuhi hadi saa tano, kabla ya swala ya Ijumaa, ilikuwa zamu ya mbegu. Lita 20 za udongo wa jivu zilikuwa zimeanikwa kivulini tangu jana. Juani zingekauka kwa kasi na mbegu zilizoungua zingepasuka. Pipa la lita 100 linajazwa maji, ndani yake unaning'inia wavu wa milimita 1 uliofungwa kwenye pete ya chuma. Udongo unamiminwa polepole, lita 5 kwa mara moja, unakorogwa kwa mkono kutoka chini. Mkaa na mbegu zilizoungua zinaelea. Maji ya juu yanamwagwa kupitia kitambaa chenye tundu za robo milimita, kitambaa kinafungwa kama kifurushi na kuning'inizwa kivulini. Kilichobaki juu ya wavu kinaanikwa na kuchambuliwa: shanga, mifupa ya samaki, vipande vidogo vya mawe.

Maji ni tatizo la kweli hapa. Visima vya Jambiani vingi vina chumvi, na kishawishi cha kwenda na ndoo ufukweni ni kikubwa. Usifanye hivyo. Maji ya bahari yakikauka ndani ya mbegu, chumvi inaganda na kuipasua kutoka ndani. Tulinunua maji baridi, na yaleyale yakatumika mara tatu kwa kuyachuja. Kati ya sampuli na sampuli, kila kitu kinasuguliwa, vinginevyo mtama wa tabaka la juu unahamia kwenye hesabu ya tabaka la chini. Ni shimo la kaa lingine, isipokuwa hili tumelichimba sisi.

Jioni ilikuwa ya kufukia. Sakafuni lilitandazwa turubai, juu yake ikawekwa sarafu ya mwaka huu, ndipo udongo ukarudishwa. Atakayechimba hapo baada ya miaka mia atakuta turubai na sarafu, na atajua ameishia mikononi mwa watu wa nyakati zetu.

Siku ya sita, Jumamosi: Unguja Ukuu na kurudi

Njiani kurudi mjini tulipita Unguja Ukuu, pwani ya ghuba ya Menai. Abdurahman Juma alichimba hapa miaka ya 1990, na Sealinks baadaye. Ni mji wa bandari wa kuanzia karne ya 7 hivi: vigae vya Ghuba ya Uajemi na vya China vikiwa pamoja na vyungu vya mtindo wa Tana, na katika sampuli za pipani mpunga na choroko za Asia zikiwa pamoja na nafaka za Afrika. Hapa mifupa ya kuku na panya weusi ipo mahali inapotarajiwa, katika matabaka ya watu waliokuwa wakipokea majahazi. Ufukweni bado unakanyaga vigae. Hakiokotwi hata kimoja. Kigae kilichobebwa mfukoni hadi Dar hakina tena namna ya kurudi kwenye tabaka lake.

Boti ya jioni, bahari tulivu kidogo. Masanduku ya sampuli hayakuwekwa kwenye mizigo, yalikaa miguuni.

Usiku, Dar es Salaam, mifuko ilimwagwa mezani na kuhakikiwa dhidi ya daftari. Mifuko 43, na 42 kati yake ina tabaka, kina, tarehe na jina la aliyeandika. Mfuko wa 17 ulikuwa na vigae vinne vizuri, kimoja cha mdomo wa chungu. Lebo ya nje imesuguliwa na kamba, na ya ndani imeandikwa namba ya tabaka bila kina. Daftari lilionyesha mifuko mitatu ya tabaka hilo siku hiyo, na hakuna anayeweza kuapa huu ni upi. Ukaondolewa kwenye hesabu, vigae vikapelekwa kwenye beseni la kujifunzia kuosha.